Lubumbashi hadi Cape Town: tiketi moja ya bei ya juu au tiketi mbili za bei nafuu?

Mwana wa Katuba anauliza:

Wazazi na ndugu, salamu kwenu.

Mdogo wangu wa kike amepata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Cape Town. Viza yake ya masomo imekwisha kutoka, kadi ya chanjo ya homa ya manjano anayo, na barua ya chuo inataja siku ya mwisho ya kujiandikisha, mwanzoni mwa Februari; atakayefika baada ya siku hiyo hana hakika ya kupokelewa. Nauli yake ni mchango wa jamaa wengi pamoja na zamu ya mama katika likelemba, chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, kwa hiyo kila dola ina mtu atakayeuliza imekwenda wapi.

Mbele yetu kuna njia mbili. Ya kwanza tumepewa na ajansi ya mjini: ni tiketi moja inayoanzia Luano, uwanja wetu wa ndege hapa Lubumbashi, inapitia Johannesburg na kuishia Cape Town, safari zote mbili za ndege zikiwa chini ya nambari moja ya uhifadhi. Ya pili ameibuni binamu yangu baada ya kupekua intaneti: tupande gari hadi Kasumbalesa, tuvuke mpaka wa Zambia, tuendelee hadi Ndola, mdogo wangu apande huko ndege ya kwenda Johannesburg, kisha, kwa tiketi nyingine kabisa, achukue kampuni ya bei nafuu ya Afrika Kusini na kufika Cape Town jioni ileile. Kwa bei tulizoziona, njia ya binamu inapungua kwa karibu dola 250, na kwetu hizo si fedha za kudharau.

Baba mdogo hataki hata kusikia habari za kampuni ya bei nafuu. Anasema kampuni kama hizo huahirisha safari kadiri zipendavyo, na abiria hana wa kumlalamikia. Binamu anamjibu kwamba hata ndege za bei ya juu huchelewa hapa Luano, na kwamba anayelipa zaidi analipia chakula cha kwenye ndege tu. Mimi nimekaa katikati yao. Ninachoomba ni mtu wa kunieleza dola hizo 250 zinanunua nini hasa: usalama, kufika kwa wakati, au jina la kampuni? Mdogo wangu ana masanduku mawili makubwa, na hajawahi kupanda ndege.

Papa Kampemba:

Kijana, rahisi huishia ghali. Sisi wa nchi hii hatuna haja ya kufundishwa maana ya ndege mbovu, tumezika watu. Mlipie mtoto tiketi nzima kutoka Luano, mlale usingizi. Mengine ni kutafuta maneno.

Mhasibu wa Golf:

Ninamheshimu Papa Kampemba, lakini naomba tutenganishe mambo matatu ambayo katika mazungumzo yetu hapa mjini huchanganywa kuwa jambo moja, nayo ni usalama wa ndege, kufika kwa wakati, na bei.

Kuhusu usalama, bei ya tiketi haikuambii mengi. Kampuni zote zilizopewa cheti cha urukaji na mamlaka ya Kongo zimo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya kampuni zisizoruhusiwa kuingia anga lake, na karibu zote zimekuwemo tangu orodha hiyo ilipoanza mwaka 2006. Zimo za bei ya juu na za bei ya chini bila kubaguliwa, kwa sababu kinachopimwa ni uwezo wa mamlaka kusimamia. Upande wa pili, Ryanair ya Ireland, ambayo watu wa Ulaya huicheka kwa ubahili wake, imesafirisha watu tangu miaka ya 1980 bila abiria kufa katika ajali ya ndege yake. Mtu anayetaka kupima usalama aulize cheti kimetolewa na nchi gani, na kama kampuni imo katika daftari la IOSA, ukaguzi wa usalama wa IATA, shirika la kampuni za ndege duniani, daftari ambalo liko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti. Nauli haina nafasi katika swali hilo.

Kufika kwa wakati ni habari nyingine, na hapa inafaa kuelewa bei nafuu inatoka wapi. Mtindo huu ulikomazwa na Southwest ya Texas, iliyoanza mwaka 1971 na ndege tatu za Boeing 737: aina moja ya ndege, ili rubani yeyote, fundi yeyote na kipuri chochote viweze kuihudumia ndege yoyote, kukaa chini kwa muda mfupi kati ya safari na safari, ili ndege ilete fedha mara nyingi zaidi kwa siku, na kila kitu kisichokuwa kiti chenyewe kuuzwa peke yake. FlySafair ya Afrika Kusini, ambayo nadhani ndiyo binamu aliyoiona, ilianza Oktoba 2014 kwa mtindo huohuo na kwa Boeing 737 zilezile. Mtindo huo hauleti uzembe kwa lazima. Kinyume chake, kampuni ambayo faida yake inategemea ndege kugeuka haraka ina sababu kubwa ya kuchukia uchelewaji. Katika orodha ya mwaka 2024 ya Cirium, kampuni inayopima ni safari ngapi zimefika kabla ya kuzidi dakika 15 baada ya saa iliyotangazwa, Safair, yaani FlySafair hiyohiyo, ndiyo iliyoongoza Afrika na Mashariki ya Kati. Baba mdogo angeshangaa.

Hata hivyo mtindo huo una udhaifu wake, na abiria anayeujua anaweza kuukwepa. Ndege moja ikifanya safari nyingi kwa siku, dakika zilizopotea asubuhi hubebwa hadi jioni na kuongezeka njiani. Pia Januari na Februari ni majira ya mvua katika nyanda za juu za Johannesburg. Ngurumo hupiga alasiri, na radi inapokaribia wafanyakazi wa uwanjani huondolewa karibu na ndege, shughuli zikasimama. Safari ya asubuhi na safari ya jioni za kampuni ileile, siku ileile, kwa bei ileile, hazitegemewi kwa kiwango kimoja. Binamu amechagua jioni.

Kisha kuna jambo ambalo kwangu linapita yote hayo: iwapo safari yako itafutwa, inayofuata ni lini? Kati ya Johannesburg na Cape Town ndege zimejaa. Ni mojawapo ya njia zenye safari nyingi zaidi katika bara hili, na anayekosa moja huweza kupata kiti siku hiyo au kesho yake. Kati ya Lubumbashi au Ndola na Johannesburg safari ni chache, viti ni vichache, na tatizo dogo hukugharimu siku nzima au zaidi. Kwa hiyo mimi hulipa kwa ukarimu katika kipande chenye ndege chache, na kubana mkono katika kipande chenye ndege nyingi. Baba mdogo anataka mlipe zaidi kila mahali, binamu anataka mbane kila mahali.

Na kabla mtu hajaniambia kwamba kampuni za bei nafuu hufilisika: ni kweli, zinafilisika. 1time ilisimama Novemba 2012. Mango ilisimama Julai 2021. Fastjet ya Tanzania, iliyoanza Dar es Salaam mwishoni mwa 2012 na kushangiliwa na kila mtu, ilifika mwisho wake Desemba 2018. Lakini tazameni Comair ya Afrika Kusini iliyokufa mwaka 2022. Kampuni hiyo iliendesha kulula, ya bei nafuu, na papo hapo iliendesha ndege zenye rangi za British Airways ndani ya nchi, zenye bei ya juu na viti vya daraja la biashara. Zote mbili zilisimama siku moja. Aliyelipa mara mbili zaidi alibaki uwanjani pamoja na aliyebana.

Mama wa Ruashi:

Mhasibu ameongea vizuri juu ya angani, nami niongee juu ya barabara, kwa kuwa Kasumbalesa ndiko ninakopata riziki.

Kutoka hapa hadi mpakani ni chini ya kilomita 100, na siku nzuri unafika bila kuchoka. Tatizo ni neno hilo, siku nzuri. Mnajua wenyewe foleni ya malori ya shaba na kobalti. Gari dogo hupita pembeni, lakini likitokea lori limelala njiani, au mfumo wa forodha umekatika, wote mnangoja. Baada ya mpaka bado kuna Chililabombwe, Chingola na Kitwe kabla ya kufika uwanja mpya wa Simon Mwansa Kapwepwe, ule uliofunguliwa mwaka 2021 karibu na Ndola. Uwanja ni mzuri, sikatai, na tiketi za kutoka pale mara nyingi zina bei ya chini. Tena anayeondoka kwa gari halipi Go-Pass yetu, ada ya abiria wa ndege, ambayo ilipoanzishwa mwaka 2009 ilikuwa dola 50 kwa safari za nje.

Sasa hesabu nami, mwanangu. Mtoto ambaye hajawahi kusafiri hatatumwa peke yake hadi Ndola. Atasindikizwa, na msindikizaji atarudi. Hizo ni nauli za watu wawili kwenda na ya mmoja kurudi. Hakuna mtu mwenye akili atakayevuka mpaka asubuhi ya safari yenyewe, kwa hiyo ni usiku mmoja wa hoteli au nyumba ya wageni, chakula, kubadilisha fedha kuwa kwacha kwa bei ya wabadilishaji wa pale, na vijana wa kubeba masanduku ambao hawatakuuliza ruhusa kabla ya kuyashika. Na ahakikishe mapema masharti ya kuingia Zambia kwa paspoti yake. Ukiandika yote hayo kwenye karatasi, zile dola 250 utaona zinayeyuka.

Nyongeza moja. Mnamo Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka huu kwa siku kadhaa kwa sababu ya mzozo wa vinywaji ambavyo Kongo ilikuwa imevizuia kuingia. Nani alijua? Bidhaa zangu zilikaa upande wa pili, nami nilikaa huku. Bidhaa huweza kungoja. Siku ya mwisho ya chuo haingoji.

Mwana wa Katuba:

Nashukuru sana, mama, na wewe pia mhasibu. Hesabu ya barabara hatukuwa tumeifanya. Binamu aliandika nauli ya gari ya mtu mmoja tu, tena ya kwenda.

Basi nibadilishe swali. Tukiacha Ndola, bado tunaweza kukata tiketi ya Luano hadi Johannesburg peke yake, kisha tiketi ya kampuni ya bei nafuu hadi Cape Town. Tofauti na tiketi moja inakuwa ndogo zaidi, labda dola 90. Je, hapo bei nafuu ina maana? Na mtu mwingine ametutajia kupitia Addis Ababa kwa Ethiopian, ambayo inafika hapa na inafika Cape Town pia. Binamu anacheka, anasema huko ni kwenda kaskazini ili ufike kusini.

Dawati la Tiketi:

Nimefanya kazi ya ajansi mjini hapa kwa muda mrefu, na swali la dola 90 ndilo hasa ambalo wateja wengi hawapati jibu lake, kwa sababu muuzaji ana haraka ya kuuza.

Unapokuwa na tiketi moja, mkataba wako ni mmoja: kukufikisha Cape Town. Ndege ya kutoka Luano ikichelewa na ukakosa ya pili, ni juu ya kampuni kukutafutia kiti kingine bila kukudai nauli mpya. Unapokuwa na tiketi mbili, una mikataba miwili isiyojuana. Kampuni ya pili haijui kwamba ulikuwa umekwama Luano, wala haina sababu ya kujali. Saa ya kufunga kaunta ikipita umeandikwa kuwa abiria ambaye hakufika, na katika nauli ya chini kabisa fedha hizo kwa kawaida zimekwenda. Dola 90 zinanunua hiyo dhamana ya kiungo kati ya ndege mbili. Hazinunui ndege bora zaidi, wala rubani bora zaidi.

Wengi hudhani kwamba tiketi moja pia inamaanisha hutaona masanduku yako hadi Cape Town. Kwa Afrika Kusini si hivyo. Anayeingia nchini kutoka nje na kuendelea kwa ndege ya ndani hukaguliwa na uhamiaji katika uwanja wa kwanza, huchukua masanduku yake mwenyewe, hupita forodha, kisha huyakabidhi tena. Mdogo wako atafanya hivyo pale O. R. Tambo, uwanja mkuu wa Johannesburg, awe na tiketi moja au mbili. Mwelezeni mapema, asije akaona wenzake wakiburuta masanduku akadhani hayamhusu. Kwa sababu hiyo, hata kwa tiketi moja, ningekataa muunganisho wa saa moja na nusu hata kama mfumo unauruhusu. Saa tatu ni kiasi cha kiungwana kwa mtu anayeingia kwa viza ya masomo na atakayeulizwa karatasi zake.

Ukiamua tiketi mbili, kuna mtego wa viwanja. FlySafair huruka kutoka O. R. Tambo, na pia huruka kutoka Lanseria, ambayo iko upande mwingine kabisa wa jiji, kiasi cha kilomita 50 kwa barabara. Kwenye ukurasa wa kutafutia safari vyote viwili huonekana kama Johannesburg, na cha bei ya chini siku hiyo kinaweza kuwa Lanseria. Nimemwona mteja akija na tiketi aliyojinunulia usiku, amefurahi, saa mbili kati ya ndege na ndege, na viwanja viwili tofauti.

Mzigo nao ubadilishe hesabu yenu. Nauli ya chini ya kampuni ya aina hiyo ina mzigo wa mkononi tu, kilo 7, na kila sanduku hulipiwa. Ukilinunulia nafasi wakati wa kukata tiketi hulipa kidogo kuliko ukilipia uwanjani. Mdogo wako ana masanduku mawili makubwa. Ongezeni malipo hayo katika zile dola 90 kabla hamjasema kwamba ni dola 90. Hapa ndipo njia ya Addis inapoacha kuwa kichekesho: Ethiopian mara nyingi huruhusu masanduku mawili ya kilo 23 kila moja katika daraja la kawaida, na kwa kuwa Cape Town ndiyo inayokuwa uwanja wa kwanza wa kuingilia Afrika Kusini, masanduku hukabidhiwa Luano na kupokelewa Cape Town. Ni kweli unakwenda kaskazini kwanza, na saa za safari zinaongezeka sana. Kwa mfanyabiashara nisingeipendekeza. Kwa mwanafunzi anayehama na nyumba yake yote ndani ya masanduku mawili, iombeni bei, mlinganishe kilo kwa kilo.

Kuhusu nani wa kumlalamikia, baba mdogo ana haki nusu. Zile fidia zinazosikika, za euro 250, 400 au 600, ni za sheria ya Ulaya na hazigusi safari hii. Kinachogusa safari za kimataifa kati ya nchi zilizoukubali ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kongo na Afrika Kusini zimo. Kwa mkataba huo kampuni huwajibika kwa hasara iliyotokana na kuchelewa au kupotea kwa mizigo, hadi kikomo ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni 1,519 za haki maalumu za utoaji, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho kimoja chake ni zaidi ya dola moja. Hicho ni kikomo, si zawadi: lazima uonyeshe hasara na risiti. Sanduku likifika limeharibika, andika malalamiko ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea. Na kabla hujatoka uwanjani omba karatasi ya taarifa ya mzigo, kwa maana bila karatasi hiyo utabishana na ukuta. Tena mkataba huo hauangalii kama kampuni ni ya bei nafuu au la.

Ndani ya Afrika Kusini kuna jambo lililozua kelele Januari 2025, baada ya kujulikana hadharani kwamba FlySafair, kama kampuni nyingi duniani, huuza tiketi kuzidi viti kidogo kwa kutegemea kwamba wapo watakaokosa kufika. Tume ya taifa ya watumiaji ilianzisha uchunguzi, na kifungu cha 47 cha sheria yao ya kulinda watumiaji kinamtaka aliyeuza kupita uwezo wake arudishe fedha pamoja na riba na gharama. Kwa mwanafunzi mgeni, kesi haina faida. Kinachomfaa ni kujisajili kwa safari kwenye intaneti mara dirisha linapofunguka, ili asiwe jina la mwisho katika orodha.

Na majina! Paspoti yetu ina jina, postnom (jina la pili linalofuata jina) na prénom (jina la kwanza), na kurasa za kampuni za nje zina nafasi mbili tu. Watu huandika postnom mahali pa prénom, au huiacha kabisa. Kampuni ya kawaida kupitia ajansi husahihisha bila vita kubwa. Kampuni ya bei nafuu hulipisha marekebisho, na wakati mwingine malipo hayo hukaribia bei ya tiketi yenyewe. Nakilini kama ilivyo katika mistari miwili ya chini ya ukurasa wa paspoti, ile inayosomwa na mashine.

Papa Kampemba:

Kwa hiyo mwishowe tumerudi kwa nilichosema: tiketi nzima kutoka Luano.

Mhasibu wa Golf:

Kwa safari hii, ndiyo, Papa, lakini kwa sababu tofauti na yako. Mwezi wa Julai, msichana huyu atakapotaka kwenda Johannesburg kumsalimu shangazi yake na kurudi, bila siku ya mwisho inayomkimbiza na akiwa na begi la mgongoni tu, mwambieni achukue ya bei nafuu ya asubuhi bila kusita. Hata hapo atazame habari za wiki hiyo: Julai 2025 marubani wa FlySafair waligoma, safari zikafutwa kwa siku kadhaa, na waliokuwa wakisifiwa kwa kuwahi mwaka uliotangulia walijikuta wakiomba radhi.

Na ikiwa familia itashikilia tiketi mbili, basi wanunue pia usiku mmoja wa nyumba ya wageni karibu na O. R. Tambo na ndege ya kwanza ya asubuhi inayofuata. Gharama ya usiku huo iingizwe katika hesabu. Mara nyingi ikishaingizwa, mjadala unakwisha wenyewe.

Mwana wa Katuba:

Tumekaa jana jioni, baba mdogo, binamu, mama na mimi, tukaandika kila kitu kwenye karatasi moja. Njia ya Ndola imeondolewa. Tiketi mbili kutoka Luano, baada ya kulipia masanduku na usiku wa Johannesburg, zimezidi tiketi moja kwa dola kumi na kitu. Binamu mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu mara ya pili. Tumebaki kulinganisha tiketi moja ya Johannesburg, yenye muunganisho wa saa nne, na ile ya Addis yenye masanduku mawili. Tutamtuma aondoke siku tano kabla ya siku ya kujiandikisha kwa vyovyote vile.

Swali langu la mwisho: ajansi inataka tulipe taslimu kwa dola. Je, ni salama, au tutafute mtu mwenye kadi ya benki?

Dawati la Tiketi:

Kadi ni bora ikiwa mnaye mtu wa kuaminika, kwa kuwa kampuni ikisimama kabla ya safari, mwenye kadi anaweza kuiomba benki yake irudishe malipo ya huduma ambayo haikutolewa. Mwenye risiti ya taslimu hupanga foleni kwa wafilisi pamoja na wadai wengine. Jaribuni benki zinazotoa kadi za kulipia kabla.

Mkilipa taslimu, pelekeni noti safi zisizopasuka, kama mnavyojua, na msiondoke dukani mkiwa na nambari ya uhifadhi peke yake. Ile ya herufi na tarakimu sita huonyesha kwamba kiti kimeshikwa, na kiti kilichoshikwa bila kulipiwa huachiliwa baada ya muda. Ombeni nambari ya tiketi yenyewe, yenye tarakimu 13, ambayo tatu za mwanzo ni za kampuni ya ndege. Kisha, mkiwa bado mmekaa kwenye viti vya ajansi, fungueni ukurasa wa kampuni kwenye simu, mwingize uhifadhi na jina la mdogo wako, mtazame kama safari zote mbili zinaonekana, pamoja na idadi ya masanduku. Muuzaji mwaminifu hatakasirika kuwaona mkifanya hivyo.